Marathoni ya Pili

Msikilizaji wetu wa Mtongwe, umemaliza marathoni ya kwanza, sasa moyo wataka ya pili, na kazi na watoto vyakungoja. Yawezekana. Edna Kiplagat, askari polisi na mama wa watoto, alitwaa ubingwa wa dunia Daegu mwaka 2011, akaurudia Moscow mwaka 2013.

Hapa pwani adui ni fukuto: jasho halikauki, mwili haupoi. Basi toka baada ya swala ya alfajiri, lami ingali baridi, urudi kabla chai ya watoto haijachemka. Mbio ndefu ni moja tu kwa wiki. Siku yake kubalianeni mapema na mwenzio. Mtoto akikukesheza kwa homa, asubuhi hiyo viatu vikae mlangoni. Lala.