Cheti Kinachosema "Endelea"



Juzi nilishuka treni Goweko, mkoani Tabora. Pale stesheni mama mmoja alinionyesha cheti cha mwanawe, kijana anayetibiwa ugonjwa wa akili katika hospitali ambayo sitaitaja. Kwa miaka minne dawa ni zile zile: klopromazini, haloperidoli, na benzheksoli ya kuzuia kutetemeka. Kila mwezi daktari ameandika neno moja tu: "Endelea."

Kijana hasikii tena zile sauti, na hilo ni la kushukuru. Lakini anatembea hatua fupi fupi kama kikongwe, mate yanamtoka, na akienda shamba la tumbaku jua linamchoma ngozi. Majirani wanasema amerogwa mara ya pili. Uchawi gani, ndugu zangu? Klopromazini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952, inajulikana kwa kufanya ngozi ishindwe kuhimili jua. Kukakamaa viungo nako ni madhara ya dawa za namna hii.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulishauri mgonjwa kama huyu apewe dawa moja ya kutuliza ugonjwa kwa wakati mmoja. Ile ya kuzuia kutetemeka isitolewe kwa mazoea; kwanza kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe, na ikibidi itolewe kwa muda mfupi.

Najua foleni za hospitali zetu. Najua pia kwamba mgonjwa akirukwa na akili tena, analaumiwa daktari aliyepunguza dawa; akidhoofishwa na dawa, halaumiwi mtu. Ndiyo maana "endelea" ni neno rahisi. Lakini kukagua si kazi ya mfadhili. Mganga Mkuu atoe kabatini mafaili 50 na kutazama: ugonjwa umetajwa? Dawa ni ngapi, na kipimo gani? Mara ya mwisho mgonjwa kupimwa, siyo cheti kugongwa muhuri, ilikuwa lini?

Nilimsihi mama asimwachishe kijana dawa ghafla, maana ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu. Safari ijayo ampeleke mwenyewe kwa daktari, asibebe cheti peke yake. Akanijibu kwamba kwa miaka yote minne hakuna aliyewahi kumwambia aende naye.