Eropleni za Vita Juu ya Rufiji



Eropleni ikipita juu ya kijiji, watoto huacha mchezo wao wakatazama juu, wala hapana anayeogopa. Lakini zamani, katika visiwa vya Mafia na katika milango ya mto Rufiji, eropleni ilikuja mara ya kwanza wala haikuleta abiria wala barua. Ilikuja kutafuta meli iliyojificha. Habari hiyo ndiyo twataka kuwasimulia leo.

Sisi walimu tumezoea kuwauliza wanafunzi: Vita Kuu vya mwaka 1914 vilipiganwa wapi? Wengi hujibu Ufaransa na Ubelgiji. Ni wachache sana watajao Rufiji. Basi sikilizeni.

Meli ile ilikuwa manowari ya Wadachi, jina lake Königsberg, na nahodha wake Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, ilipotia nanga Unguja, nayo Pegasus ikazama. Baada ya hayo Königsberg ikaharibika mitamboni, ikarudi kujificha Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikakokotwa kwa nchi kavu hata Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waliokokota ni mamia ya wapagazi wa nchi hii.

Tarehe 30 Oktoba 1914 Waingereza waliiona milingoti yake ikitokeza juu ya miti. Lakini kuiona si kuipata. Ninyi wa Rufiji mwajua jinsi mto wenu ulivyo: una milango mingi, maji hupwa na kujaa, na mikoko imesongamana hata mtu aliye baharini haoni kitu ila majani. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa uchache wa maji. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba njia moja. Lakini nyumba yenye milango mingi haifungwi kwa komeo moja. Nayo Königsberg ikazidi kupanda juu ya mto. Ndipo wakafikiri kutafuta jicho la kutazama toka juu.

Jicho la kwanza lilitoka Durban. Palikuwa na rubani raia, jina lake Dennis Cutler, mwenye eropleni ya aina ya Curtiss iwezayo kutua majini. Wakamchukua pamoja na chombo chake mpaka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Mtambo wake ulipovuja maji, wakatumwa watu Mombasa kutafuta kipozamaji cha motakaa ya Ford kutia mahali pake. Katika Novemba Cutler akaruka, akaiona meli. Lakini tarehe 10 Desemba mtambo ukamzimikia, akashuka mtoni, Wadachi wakamkamata. Wahenga walisema kweli: aliye juu mngoje chini.

Mwaka 1915, mwezi wa Januari, Waingereza waliitwaa Mafia. Mwezi uliofuata akaja rubani mwingine, John Cull, pamoja na eropleni mbili za majini za aina ya Sopwith. Hizo zilishindwa na nchi yetu. Joto lililegeza gundi iliyounganisha mbao zake, na mitambo yake haikuwa na nguvu ya kuinua mzigo katika hewa ya joto. Zikaletwa nyingine za aina ya Short. Na tarehe 25 Aprili Cull akapita juu ya Königsberg, akaipiga picha. Halafu, mwezi wa Juni, zikaja eropleni nne za kutua nchi kavu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, na uwanja ukafyekwa katika kisiwa cha Mafia ili zipate mahali pa kurukia.

Wakati huo huo zikafika manowari mbili ndogo, Severn na Mersey. Zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, tena matako yake ni mapana, ziweze kupita penye maji haba. Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyopangwa. Manowari hizi zingetia nanga mtoni, mbali na adui maili kadhaa, nazo zingepiga mizinga juu ya mikoko bila ya kumwona. Eropleni ingezunguka juu yake, na mtu aliyemo angetazama risasi iangukapo, akapeleka habari kwa simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kulia, kushoto. Mpiga mzinga alikuwa kama kipofu, na eropleni ndiyo iliyomshika mkono. Wadachi nao walikuwa na hila yao: waliwaweka watazamaji wao juu ya miti.

Tarehe 6 Julai 1915 wakajaribu. Zilipigwa risasi za mizinga zaidi ya 600, lakini Königsberg haikuangamia, na Mersey ikapigwa, watu wakafa. Sababu moja ni hii: manowari mbili zilipiga pamoja, na mtazamaji wa juu hakuweza kujua risasi hii ni ya nani. Hata hapa mna funzo: wasemao wawili kwa mara moja hawasikilizani.

Tarehe 11 Julai wakarudi, na safari hii wakapiga kwa zamu. Juu walikuwa Cull na mwenziwe Arnold. Arnold akasahihisha risasi moja baada ya moja, na pigo la nane likaipata meli. Papo hapo eropleni ikapigwa, mtambo ukaharibika, ikaanza kushuka. Arnold alipeleka habari kwamba wamepigwa na kwamba waletewe mashua. Lakini hakuacha kazi yake. Huku wakianguka, aliendelea kuwaelekeza wapiga mizinga. Wakashuka majini karibu na Mersey, eropleni ikapinduka. Arnold akatupwa nje. Cull akanaswa chini ya maji kwa mkanda wake, akajikwamua kwa shida. Wote wawili wakaokoka. Siku hiyo Looff akaiharibu meli yake mwenyewe ikazama. Lakini mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikakokotwa na mamia ya watu, ikapiganiwa nchi kavu.

Je, leo yamebaki nini? Eropleni zile zilikuwa mbao, nguo na waya; joto na mchwa havikusaza kitu. Picha zake zipo London. Chuma hudumu zaidi: mzinga mmoja wa Königsberg upo Mombasa mbele ya Ngome ya Yesu, na mwingine upo Pretoria. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Meli yenyewe ilionekana mtoni miaka mingi. Watu wakaikata wakauza chuma, na kilichosalia kikamezwa na matope.

Na sasa neno letu la mwisho. Jina la Cull limeandikwa, la Arnold limeandikwa, na la Looff vivyo hivyo. Lakini vyuma vizito vya meli vilipokokotwa mpaka Dar es Salaam na kurudi, ni nani waliokuwa kwenye kamba? Uwanja wa Mafia ulipofyekwa, miti iliangukia shamba la nani? Walioyaona kwa macho yao wamekwisha kufa wote. Hata hivyo watoto na wajukuu wao wapo, na katika nyumba nyingi husalia neno moja, jina la mahali, au hadithi ya babu aliyechukuliwa upagazi. Tulipowauliza wanafunzi wetu, walidhani hayo si historia, kwa kuwa hayamo kitabuni. Walikosea. Hayamo kitabuni kwa sababu hapana aliyeyaandika.

Basi twawaomba mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi atwae daftari, aende kwa mzee, amsalimu kwa adabu, amwulize, aandike jina la mzee na siku aliyosema. La pili, mtu akikuta chuma cha vita matopeni au shambani, asikiguse wala asikiuze. Risasi ya mzinga yaweza kulala miaka mia ikaamka siku moja. Na awapashe habari wakubwa wa mahali.

Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wakiondoka na neno halikuandikwa, huondoka nao. Kwaherini.