Mkimbiaji Akija Dirishani



Tarehe 14 Machi 2025, maafisa wa upimaji walichukua mkojo wa Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza duniani kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Maabara ikakuta haidroklorothiazaidi, dawa ya presha ambayo wengi wenu, wahitimu wa famasia, uuguzi na tiba, mtaitoa tangu wiki ya kwanza kazini. Kiwango cha kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikuwa 3,800. Mwanzo hakuweza kueleza ilikotoka. Baadaye akasema aliugua siku mbili kabla, akameza vidonge vya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kitengo cha maadili ya riadha duniani, AIU, hakikuridhika. Oktoba mwaka huohuo akafungiwa miaka 3, baada ya kupunguziwa mmoja kwa kukiri mapema. Rekodi yake ya Chicago ya mwaka 2024, 2:09:56, ilibaki kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo.

Dawa hiyo haimpi mtu kasi. Ilikatazwa kwa sababu huongeza mkojo, na mkojo mwingi unaweza kuficha pufya nyingine.

Kanuni inayotawala mambo haya ni kali, na wapo wanaoiona ya kikatili: kilichomo mwilini mwa mwanariadha ni mzigo wake, awe alijua au hakujua. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Andreea Raducan wa Romania, msichana wa miaka 16, alipewa kidonge cha mafua na daktari wa timu yake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na sudoefedrini. Akanyang'anywa dhahabu ya mazoezi ya viungo. Dawa hiyohiyo iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, ikarudishwa mwaka 2010 kwa kipimo maalumu. Medali haikurudi.

Upimaji wenyewe hauna staha. Mkimbiaji wa ngazi ya juu hutaja, kwa kila siku ya mwaka, muda wa saa moja na mahali atakapopatikana. Afisa hubisha hodi bila taarifa, humfuata msalani, na husimama pale anapoweza kuuona mkojo ukitoka mwilini. Hutakiwa mililita 90 angalau. Zikipungua, mtu anakaa, anakunywa maji, anangoja. Kisha mwanariadha huchagua mwenyewe chupa, humimina A na B, hufunga kwa mikono yake na kulinganisha namba. Sampuli inaweza kuhifadhiwa miaka 10 na kupimwa upya. Akikosekana au akikosea taarifa zake mara 3 ndani ya miezi 12, hilo ni kosa tosha, hata kama damu yake ni safi.

Hapo ndipo hekaya huzaliwa. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alikosekana Mei 2019, akatuma picha ya lori lililopinduka kuonyesha kwamba barabara ilizibwa. Wachunguzi wakagundua lori lile lilipinduka Agosti, miezi 3 baada ya safari aliyodai. Akafungiwa miaka 4.

Lori halikuhitaji mtu wa afya. Visa vingine vinamhitaji, na ndiyo maana maneno haya yanasemwa katika mahafali yenu, si katika kambi ya mazoezi. Jemima Sumgong aliiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya wanawake katika Olimpiki, Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO, homoni ambayo wagonjwa wa figo huihitaji ili wapate damu ya kutosha. Miaka yake 4 ya adhabu ikawa 8 ilipobainika kwamba nyaraka za hospitali alizowasilisha zilikuwa za uongo. Kisha mwaka 2022 AIU ikatangaza kwamba tangu 2021 Wakenya 10 walikuwa wamekutwa na triamsinoloni, steroidi inayodungwa kutuliza uvimbe wa viungo. Sindano hizo hazidondoki kutoka mbinguni.

Serikali ya Kenya haikulala kabisa. Sheria ilipitishwa mwaka 2016, nchi ikiwa mbioni kunusuru nafasi yake Rio, na shirika la taifa la kupambana na pufya, ADAK, likaundwa kisheria. Mwaka 2022, nchi ilipokaribia kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Fedha hizo zimeongeza vipimo, na waliokamatwa wameongezeka. Lakini anayefungiwa karibu kila mara ni aliyemeza. Daktari wa timu anayemdunga mwanariadha pufya anaweza kufungiwa kuanzia miaka 4 hadi maisha. Kemisti asiye na timu yoyote yuko nje ya mkono wa mashirika ya michezo. Anaishia kwenye sheria ya nchi na baraza la taaluma yake, na mabaraza, tuseme ukweli, hayajaonyesha haraka.

Kwa hiyo mtakaoajiriwa katika miji ya wakimbiaji kama Eldoret, Iten au Kapsabet, muulizeni mteja kama anashindana kabla hamjafungua sindano. Orodha ya marufuku hubadilika kila Januari 1: isomeni. Mgonjwa wa kweli anayehitaji dawa iliyokatazwa, msaidieni aombe kibali cha matibabu, mwandike jina la dawa, dozi na tarehe kwa hati inayosomeka. Na akija mtu kuwaomba muhuri kwenye barua ya ugonjwa ambao hamkuutibu, mrudisheni alikotoka, hata akiwa bingwa wa dunia.