Maji Mafu na Bamvua



Huko Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, akina mama hushuka pwani kutafuta pweza na chaza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuiacha miamba wazi. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali. Kikapu hurudi kitupu, na deni la dukani halingoji. Hakuna awezaye kuuharakisha mwezi. Hata hivyo mikono haikai bure: husuka ukili, hupalilia mihogo, huazimana unga, hata mwezi uandame na bamvua lirudi.

Nasi tunazo siku zetu za maji mafu: ugonjwa, ada ya mtoto, sala iliyo kana kwamba haisikiki. Petro na wenzake walikesha wasipate kitu. Bwana aliwakuta wakiosha nyavu zao. Kumtumaini Mungu si kuahidiwa kikapu kilichojaa kila siku. Ni kuuweka wavu tayari tukingoja, na kumgawia jirani, hata asiye wa dini yetu, kile kidogo tulicho nacho. Huenda riziki aliyomwomba Mungu usiku imewekwa mikononi mwetu.

Tuombe moyo wa kungoja na mkono wa kutoa. Amina.