Wazee wa Keya Waliokwenda Burma: Majina Yao Yatafutwe Wapi?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Ziko nyumba katika nchi hii ambamo chini ya kitanda cha bibi kizee limo sanduku la bati lisilofunguliwa ila siku ya msiba. Ndani yake zimo stakabadhi za kodi za zamani, picha iliyofifia, na pengine nyota ya madini ya rangi ya shaba yenye pembe sita, ikining'inia kwenye utepe wa buluu, mwekundu na rangi ya chungwa. Wajukuu huambiwa kwamba ni ya babu, aliyoipata Bama. Habari huishia hapo. Bama ni wapi, alikwenda lini, kikosi gani, alifanya nini huko, hakuna ajuaye, na yule aliyejua amekwisha zikwa.

Burma, ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa Myanmar, ni nchi ambayo Watanganyika hawakuwa na ugomvi nayo. Wala hawakuwa na ugomvi na Wajapani walioiteka mwaka 1942. Lakini mkoloni alipopigana, watu wake wa makoloni walipigana. Watanganyika yapata 87,000 waliingizwa katika majeshi ya Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wengine walijiandikisha kwa hiari wakitafuta mshahara. Wengine walipelekwa na majumbe waliotakiwa kutoa idadi. Si wote waliofika Burma, na hapa ndipo mtafutaji anapopaswa kuanza kwa tahadhari. Wako waliopigana na Wataliani Uhabeshi mwaka 1941, wako waliokwenda Madagaska mwaka 1942, na wako waliokaa Misri wakilinda maghala. Katika mazungumzo ya barazani safari hizi zote zimechanganyika, na mara nyingi kila askari wa zamani amekuwa "mtu wa Bama".

Jina lenyewe la Burma lilikuwa na heshima, na watu wameliiba. Idi Amin alijigamba kwamba alipigana huko. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, wakati bunduki za Burma zimekwisha nyamaza. Basi kama dikteta aliweza kujivika vita ambayo hakuiona, haifai kumlaumu mjukuu anayerudia alichosikia. Linalotakiwa ni kupima.

Kipimo cha kwanza ni namba ya batalioni. Keya, yaani King's African Rifles, ilikuwa na utaratibu ambao ukishaujua hukusaidia sana. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika. Vita ilipopanuka, batalioni mpya zilizozaliwa kutokana nayo zilipewa namba zinazoishia na tarakimu hiyo hiyo: 26, 36, 46. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akisema "mimi thelathini na sita" hakuwa akitaja umri wake. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ya 46 ilikuwa katika Brigedi ya 28, iliyopigana kando ya mto Irrawaddy mapema mwaka 1945.

Divisheni ya 11 ilifanya mazoezi Ceylon kwanza. Katikati ya mwaka 1944, Wajapani waliposhindwa Imphal na Kohima na kuanza kurudi nyuma, divisheni hii ilitumwa kuwafuata katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko. Masika hayo si ya kulinganishwa na ya Kilosa wala ya Rufiji. Barabara iligeuka tope lililomeza magari. Chakula na risasi viliangushwa kutoka kwenye ndege. Malaria na homa za msituni ziliwalaza watu kwa wingi, ingawa kila askari alilazimishwa kumeza vidonge vya manjano vilivyobadilisha hata rangi ya ngozi. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti, wala jina hilo halikutiwa chumvi. Novemba 1944 walifika Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo siku zile lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Jeshi la 14 la Jenerali Slim likapita juu yake kuelekea Mandalay na Rangoon. Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika, na vita ilipokwisha wengi walikaa huko wakingoja meli mpaka mwaka 1946, wakinung'unika, na kwa haki.

Si wote waliofika hata Ceylon. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama chini ya dakika tatu, na watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Ukoo unaosimulia kwamba kijana wao "alimezwa na bahari" unapaswa kuanzia hapo. Majina ya waliopotea katika meli hiyo yako kwenye mnara wa ukumbusho ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, si Burma. Waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000 ya watu wa mataifa mbalimbali. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayo orodha ya wote hao, na orodha hiyo huonyeshwa bure kwa yeyote aitakaye.

Tatizo ni kulitambua jina. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, kwa sikio la Kiingereza au la Kinyasa. Mtu mmoja aliitwa jina la utoto kijijini, jina la dini mjini, na jina la baba yake kwenye daftari la jeshi. Tumchukue mwalimu anayemtafuta babu aliyejulikana nyumbani kama Mzee Athumani. Atakuta Asumani, Athman, Osman na Othuman, kila mmoja na namba yake. Kinachowatenganisha ni namba ya jeshi, na namba hiyo imo kwenye cheti cha kuachishwa kazi ambacho pengine kiliunguzwa pamoja na takataka baada ya arobaini.

Pale inapotajwa wilaya au jina la mtemi, mtafutaji hufurahi mapema mno. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Wilaya zimegawanywa na kugawanywa tena. Katika miaka ya 1970 watu walihamia vijiji vya ujamaa, na mahame yao leo ni vichaka vyenye miembe tu. Anayekwenda na karatasi ya mwaka 1942 mkononi akiuliza kijiji hicho kiko wapi, atajibiwa na vijana kwamba hakipo. Amuulize mzee ni nani walihama kutoka kwenye miembe ile.

Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina vitabu vya wilaya na majalada ya utawala wa Kiingereza. Humo mna habari za kuandikisha askari na za posho zilizopelekwa kwa wake zao kupitia boma. Mke alikuwa na haki ya fedha hiyo, na madai yake yalipoandikwa, jina la mumewe liliandikwa pia. Uingereza nako, katika nyaraka za taifa la huko, ziko shajara za vita za kila batalioni, siku kwa siku. Lakini atakayezisoma ajiandae. Afisa wa Kizungu akijeruhiwa hutajwa kwa jina na cheo. Askari wanne wakifa siku hiyo hiyo, huandikwa "askari wanne". Mtafutaji anaweza kuijua siku, saa na kilima alichofia babu yake, na jina lake asilione. Aliyepewa nishani ya ushujaa ana nafuu, kwa kuwa pendekezo la nishani lilibidi lieleze nani alifanya nini.

Nyota ya Burma nayo isichukuliwe kuwa ushahidi wa kila kitu. Ilitolewa hata kwa waliotumika katika baadhi ya sehemu za Bengal na Assam, na ilitolewa kwa madereva, wapishi, wauguzi na wapagazi sawa na kwa mtu wa bunduki. Hilo lisimvunje moyo mjukuu wa mpishi. Katika Bonde la Kabaw sufuria ilibebwa mgongoni na kufikishwa palepale risasi zilipofika.

Katika waliorudi walikuwamo Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, vijana wa Dar es Salaam ambao baba yao, Kleist, alikuwa amepigana upande wa Wajerumani katika vita ya kwanza. Abdulwahid aliongoza TAA kabla ya Mwalimu Nyerere kuchaguliwa mwaka 1953, na wote wawili walikuwamo katika kuundwa kwa TANU mwaka uliofuata. Habari zao zimehifadhiwa kwa sababu nyumba yao ilikuwa na karatasi, na watoto waliojua thamani yake. Mkulima wa Songea au wa Iramba aliyevua buti mwaka 1946 na kushika jembe hakuacha karatasi.

Kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la sita anaweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na maswali manne: jina lote la babu kama lilivyotamkwa na bibi, jina la mtemi wake, namba yoyote inayokumbukwa, na majina ya wenzake waliorudi pamoja naye. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Watu wa tarafa moja mara nyingi waliandikishwa siku moja, na pale jina la babu lilipoharibiwa na karani, la jirani yake huenda liliandikwa sawasawa. Kamisheni ya Makaburi hupokea masahihisho yakiletwa na ushahidi. Bibi anayekumbuka siku posho ilipokoma kulipwa bomani ni shahidi, na wanaomfanana wamebaki wachache sana.