Kelele za Chongoleani

Msikilizaji wa Mwello, Tororo au Busia, bahari iko mbali nasi, ila mafuta ya Hoima hayako mbali. Mwaka 2016 Uganda iliiacha njia ya Kenya, ikachagua bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Huko gati la kupakia mafuta limejengwa baharini juu ya nguzo za chuma, katika pwani ileile yenye pomboo na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Gumzo letu limekuwa la fidia na hofu ya mafuta kumwagika. Kelele zimesahaulika, labda kwa kuwa hazinuki wala hazielei.

Nguzo kama hizo zikigongwa kwa nyundo, mshindo hukimbia majini mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pomboo hutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Kwake kelele ni vumbi machoni. Ndiyo maana wahandisi hukokotoa mapema zitafika wapi, na hapo ndipo penye utata. Sauti ikitawanyika pande zote, hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Ikibanwa kati ya uso wa maji na sakafu ngumu ya bahari, hupungua 3 tu. Toka mita 750 hadi kilomita 6 hesabu hizo zinaachana kwa desibeli 9, yaani nishati mara 8. Anayechagua kanuni ndiye anayechagua jibu, na ripoti isiyosema chini kuna matope au mwamba ni ya kupokelewa kwa shaka.

Basi ubashiri ni ramli? Ungekuwa ramli kama usingepimwa. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwa pigo moja, umbali wa mita 750, na maikrofoni huzamishwa kuhakiki. Ili kubaki chini ya kikomo, nguzo huzungushiwa pazia la mapovu ya hewa. Wengine watasema wanyama watahama, kisha warudi. Nyangumi msafiri huenda akapita mbali. Pomboo wa nundu, aliye hatarini kutoweka na asiyeacha maji mafupi ya pwani, atahamia wapi? Hoja ya gharama za kupima na kupunguza kelele ina uzito zaidi, maana mafuta haya yanasubiriwa sana Kampala. Ila Desemba 2021 mahakama ya Makhanda, Afrika Kusini, iliisimamisha Shell isitafute mafuta kwa mitetemo ya sauti katika Wild Coast, baada ya wanakijiji kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Meli ya utafiti kuzuiwa na hakimu ni ghali kuliko maikrofoni chache.

Baada ya nyundo huja meli za mafuta, na ngurumo ya rafadha haiishi kwa msimu mmoja. Kelele hizo zinaweza kukadiriwa, kupimwa, na tarakimu zake kuwekwa hadharani. Uganda, yenye asilimia 15 ya hisa za bomba kupitia kampuni yake ya taifa ya mafuta, ina haki ya kuzidai.