Chini ya Jivu Kuna Moto

Wanakikundi, leo sizungumzii mchango. Mimi na mzee wangu tulifika mahali tukawa tunaongea karo, mbolea na ng'ombe tu. Usiku kila mtu anageukia upande wake. Siku moja akaniuliza, "Mama, wewe ni mke wangu ama mwekahazina?" Nilicheka, halafu nikalia.

Basi tukapatana: kila Jumapili jioni tunakaa sisi wawili, hesabu hapana. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwakumbusha wenye ndoa maneno matatu: naomba, asante, samahani. Sisi tulianza na samahani. Kumbe moto haukuwa umezima, ulifunikwa na jivu tu.

Haya, mkifika nyumbani leo, kila mmoja achague neno lake la kuanzia.